Debe la Mama Deo

Mimi sikai, wanangu. Nilipostaafu binti yangu alininunulia kiti cha plastiki chenye mikono, akakiweka barazani panapopiga jua, akasema, "Mama, sasa pumzika." Kiti kipo. Kuku ndio wanaokikalia. Mimi nikishakunywa chai navaa sweta, natoka, nazunguka Malangali yote, nashuka hadi Mazwi, na kila nyumba ninayopita macho yananipeleka chini ya ukuta, penye kile kiboksi cha mita ya maji. Juzi mwenye nyumba mmoja kanikuta nimeinama kwenye mita yake, nimefunua kifuniko. "Wewe mama, unatafuta nini hapo?" Nikamwambia, "Choo chako kinavuja." Alinitazama kama mtu wa kufungiwa ndani. Lakini alikwenda kuangalia, na kilikuwa kinavuja.

Kwa hiyo msije mkadhani nawaandikia kwa raha zangu. Nawaandikia kwa sababu miguu inaniwasha na mdomo unaniwasha. Nawaandikia ninyi mlioingia kazini hivi karibuni, mnaopita mitaani na simu mkononi, mnapiga picha mita, mnaondoka bila hata kusema hodi. Na ninyi wengine pia, mnaofungua bomba, mnachota, halafu bili ikija mnatafuta wa kumtukana. Nimetukanwa sana mimi. Jina langu mitaani lilikuwa Mama Mita, na halikuwa la mapenzi.

Tuelewane kwanza bili inavyopatikana. Mita ina namba nyeusi na namba nyekundu. Nyeusi ndizo za bili. Nyekundu ni lita ndogo ndogo, hizo tunaziacha. Yuniti moja ni madumu hamsini yale ya lita ishirini. Unachukua usomaji wa leo, unatoa wa mwezi uliopita, kinachobaki ndicho nyumba ilichotumia. Basi, hakuna uganga hapo. Kama nyumba yako imeungwa kwenye bomba la majitaka, utalipia na hayo, na yanapigiwa hesabu kutokana na maji safi uliyotumia, kwa kuwa kilichoingia ndani ndicho kinachotoka. Hakuna mita ya chooni, na mimi namshukuru Mungu, maana ningetumwa mimi kwenda kuisoma. Wengi mjini kwetu hawajaungwa. Wana shimo nyuma ya nyumba, likijaa wanaita gari la kunyonya, na hao majitaka hayapaswi kuonekana kwenye bili yao. Ukiyaona, nenda ofisini, usimsubiri msoma mita umkoromee.

Alikuwepo mzee mmoja kule katikati ya mji, Mzee Yustini, ambaye bomba la majitaka lilimfikia. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Kila mwezi ananisubiri getini. "Mama Mita, maji yangu yananywewa na ng'ombe. Ng'ombe wangu amekaa lini kwenye choo chenu?" Ungemjibu nini? Alikuwa na haki yake. Ofisi ikakubali, akafungiwa mita ya pili, ya zizini peke yake, isiyohesabiwa majitaka. Mzee akanishika mkono kwa furaha. Mwezi uliofuata naingia kusoma, nakuta shuka za kitandani, mapazia, na sare za shule za wajukuu, vyote vimeanikwa kwenye uzio wa zizi. Nikamuuliza, "Mzee, ng'ombe wameanza shule?" Alicheka mpaka akashika nguzo. Mkewe ndiye aliyekuwa amegundua bomba la bei nafuu, na kufua kote kukahamia kwa ng'ombe.

Hayo ni ya kucheka. Mengine hayakuwa ya kucheka.

Aliyenifundisha kazi ni fundi bomba mmoja, Mzee Didas, mtu mfupi, mwenye sauti ya kukoroma, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye mita akaniambia nisome. Nikasoma haraka, nikasimama. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Hujaanza." Akanionyesha kile kinyota kidogo katikati ya kioo. Funga mabomba yote ya nyumba, akasema, halafu mtazame huyo. Akisimama kimya, nyumba ni nzima, haivuji. Akizunguka hata kidogo, maji yanakwenda mahali, na kazi yako ni kutafuta ni wapi. Hilo mlishike hata ninyi mnaolipa bili. Halifundishwi kwa malipo, na litawaokoa na kelele nyingi.

Jambo la pili alilonifundisha nililiona la kipuuzi. Alisema, "Mita inahesabu kinachopita. Haiulizi kinachopita ni nini." Nikadhani ni maneno ya kizee. Nikamwambia, "Sasa kwenye bomba la maji kipite nini, maziwa?" Akaniambia niondoke mbele yake.

Sasa niwaambie habari ya Mama Deo, ambayo ndiyo inayonitoa kwenye kile kiti.

Mama Deo ni mjane, nyumba yake iko Malangali, juu kabisa mwishoni mwa mtaa, pale ambapo bomba letu linafika na kuishia. Mtu wa kanisa, mkali, mikono haitulii, kiangazi chote yuko na ungo wake anapepeta ulezi. Uani ana vyumba vya kupangisha. Kiangazi kimoja alimpangishia Zuhura, mwanamke wa Kirando, kule ziwani, mwenye watoto wawili, anayeuza samaki, migebuka, sokoni Mazwi. Zuhura hakuwa na mtaji wa fedha. Wenzake wa ziwani walimpakilia samaki kwenye gari kwa mali kauli, anauza, ndipo anarudisha. Ninyi mnajua mali kauli. Ni kuaminiwa kwa neno tu. Jina likichafuka asubuhi, jioni huna samaki.

Kiangazi hicho hicho mgao ulianza. Mji umekua, chanzo ni kile kile, tukagawana zamu. Siku ya zamu ya mtaa wa Mama Deo maji yalifunguliwa mchana, lakini saa hazikuwa na uhakika. Wanawake walichoka kukaa na ndoo wanasubiri bomba. Ndipo Mama Deo akatoa wazo, na lilikuwa wazo zuri jamani, mimi mwenyewe nililisifia. Yeye yuko mwisho wa bomba, juu. Maji yakifika kwake, maana yake bomba zima limejaa na kila mtu atapata kwa nguvu. Kwa hiyo siku ya zamu atafungua koki yake tangu asubuhi, aiache wazi, na chini yake ataweka debe tupu la bati. Maji yakifika, debe litalia. Wengine wote wafunge mabomba yao, waende mashambani, wapike, wafue, na wakisikia debe waje mbio. Mtaa mzima ukaishi kwa debe la Mama Deo. Kutoka bondeni huko unasikia linavyovuma, na wanawake wanaachia majembe.

Nikaja kusoma mita. Nikasoma, nikasita. Nikasoma tena.

"Kuna nini?" Mama Deo akauliza.

"Mmetumia sana mwezi huu."

"Sana kiasi gani?"

Nikamwambia. Akaweka ungo chini. "Mama Mita, na mgao huu? Nimetumia nini mimi?"

Maji yalikuwa yanatoka siku hiyo, nikamwambia tufunge mabomba yote tumtazame kinyota. Tukafunga. Kinyota kimya, hakitikisiki. Nikazunguka nyumba yote natafuta unyevu, natafuta kama kuna mtu amejiunganishia kwa wizi. Hakuna. Namba ilikuwa sahihi, na bado haikuniingia akilini. Mwezi uliofuata ikawa mbaya zaidi. Mimi nikaipeleka namba ofisini kama nilivyoiona, maana kazi ya msoma mita si kupunguza kwa huruma, lakini chakula cha jioni kilinishinda.

Mama Deo yeye hakuhangaika kama mimi. Alishapata jibu lake. Nani mgeni kwenye nyumba? Bili imepanda tangu lini? Tangu Zuhura aingie. Akamwita bombani siku ya zamu, wanawake wote wamejipanga na ndoo zao, mimi nimesimama pale na kifuko changu cha kazi.

"Wewe binti, maji yangu unayapeleka wapi?"

"Maji gani, mama?"

"Unaosha mindoo yako ya samaki hapa. Unatawadha mara tano kwa siku. Hayo maji yanatoka mbinguni?"

Zuhura alikuwa ameshika kopo, lile la maziwa ya unga, limekwanguliwa karatasi limebaki bati. Akalinyanyua. "Mama, ndoo naosha sokoni. Natawadhia hili. Kopo moja."

Mama Deo akageuka kwa wenzake, akasema kwa Kifipa kwamba watu wa ziwani wamezoea kufungua mlango wakakuta maji, hawajui kuyahurumia, na nani ajuaye kama huyu hamuuzii mtu madumu sisi tukiwa shamba. Wanawake wakaguna. Wengine wakacheka. Walidhani Zuhura hasikii.

Zuhura akajibu kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi sijauza maji yako, mama."

Alisikia kila neno. Uso wa Mama Deo ulibadilika kidogo, lakini mtu akishasema mbele ya watu kurudi nyuma ni kazi. Akamwambia mwezi ukiisha atafute chumba kingine. Nikafungua mdomo niseme kwamba mita haionyeshi ni nani ametumia, inaonyesha tu kimepita kiasi gani. Nikasema. Nani alinisikiliza? Ndoo zilikuwa zinagongana.

Neno likashuka mlimani kabla ya Zuhura. Alipofika sokoni, jirani yake wa meza akamuuliza kwa utani kama maji yananunulika. Baada ya siku chache dereva wa gari la samaki akamwambia kuwa wenzake wa Kirando wanaomba wamalizane kwanza mzigo wa nyuma. Hawakumfukuza. Wamesita tu. Lakini kwa mtu wa mali kauli, kusita ndiko kufukuzwa kwenyewe. Alikuja ofisini kwetu akanisubiri nje, amejifunga mtandio wake vizuri, hakulia. "Dada," akasema, "wewe ndiye unayeijua hiyo mita. Niambie mimi nimefanya nini."

Niliumia, nikakasirika, nikamkasirikia hata yeye kwa kuniuliza.

Nikaenda kwa Mzee Didas. Alikuwa ameshastaafu, yuko kwake Mazwi anabandika pancha za baiskeli za watu, kwa kuwa na yeye alikuwa wa aina yangu, hakai. Nikamweleza yote huku natembea kutoka kwenye mlango hadi kwenye tanuri la jirani na kurudi.

"Mita hiyo umeisoma mara ngapi?" akauliza.

"Kila mwezi, mzee. Na katikati ya mwezi."

"Sikuuliza hivyo. Umekaa nayo mara ngapi?"

"Kukaa nayo vipi?"

"Kukaa. Unaweka makalio chini, unaitazama. Wewe tangu nikujue unafunua, unaandika, unafunika, unakimbia. Ungekuwa daktari ungemaliza wagonjwa wote. Nenda kakae nayo siku ya zamu, tangu asubuhi. Na usinizungukie hapa, unanitia kizunguzungu."

Siku ya zamu ilipofika nikaomba ruhusa, nikapanda Malangali mapema, baridi inauma, upepo wetu ule wa kiangazi unapeperusha makapi ya ulezi. Zuhura alikuwa ameshahama. Siku mbili nyuma alikuwa amepakia kitanda, watoto na sufuria kwenye guta, akashuka kwa ndugu yake Mazwi. Mlango wa chumba uko wazi, ndani pamefagiwa. Mama Deo yuko uani na ungo, hanisemeshi sana. Koki iko wazi, debe limekaa chini yake, kama kawaida. Nikageuza ndoo, nikakaa mbele ya mita.

Jamani, sijawahi kuteseka vile. Mguu unataka kuondoka peke yake. Nikahesabu kuku. Nikamsengenya Mzee Didas moyoni. Kinyota kimetulia tuli. Mama Deo akaniletea uji akasema, "Unaivizia itoke mbio?" Nikanywa uji. Kinyota kimetulia.

Halafu koki ikapumua.

Si maji. Pumzi tu, fyuu, ikapeperusha vumbi lililokuwa kwenye mdomo wa bomba. Nikatazama mita. Kinyota kilikuwa kinazunguka mpaka huoni ncha zake. Namba nyekundu zinakimbizana, na ile nyeusi ya mwisho inageuka mbele ya macho yangu. Nikatazama debe. Kavu. Nikagusa mdomo wa koki kwa kiganja. Kavu, na pumzi inanisukuma mkono.

"Mama Deo! Njoo!"

"Maji yamefika?"

"Hayajafika. Njoo uone yasivyofika!"

Nilimwomba mfuko wa nailoni, ule wa ndani ya gunia la mbolea. Nikauvalisha mdomo wa koki, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli. Mfuko ukainuka. Ukajaa, ukatuna kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na mita inakwenda. Mama Deo amesimama na ungo wake mkononi, ulezi unamwagika pembeni haoni.

"Huo ni nini?"

"Upepo."

"Na mita inauandika?"

"Inauandika. Huo ndio unaoulipia."

Mita inahesabu kinachopita, haiulizi ni nini. Yule mzee alikuwa ameniambia zamani zote hizo! Siku maji yakifungwa, bomba linabaki tupu, linajaa hewa. Maji yakifunguliwa kule chini kwenye tangi yanaisukuma hewa mbele yake, na hewa inatafuta pa kutokea. Nyumba zote za mtaa zimefunga mabomba yao, zinasubiri debe. Pa kutokea ni mahali pamoja tu, kule juu mwisho, kwenye koki ya Mama Deo iliyoachwa wazi tangu asubuhi. Hewa ya mtaa mzima ilikuwa inapita kwenye mita yake. Na mgao ulianza kiangazi kile kile alichohamia Zuhura.

Mfuko ukapasuka. Maji yakaja yakitema mate, yakatulowesha wote wawili, halafu yakashika, debe likaanza kulia. Chini huko nikasikia wanawake wanaitana, ndoo zinapanda. Mama Deo hakuyakwepa maji. Alikaa chini pale pale kwenye tope na kitenge chake.

"Yule mtoto wa watu," akasema. "Mama Mita, yule mtoto wa watu."

Ofisini mambo hayakuwa magumu kama nilivyoogopa. Injinia wetu alikuwa binti mdogo tu, ametoka chuoni, na alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Alikuja mwenyewe, akafunga valvu ya kutoa hewa mwisho wa bomba, kabla ya mita. Bili za miezi ile zikarekebishwa kwa kufuata matumizi ya kabla ya mgao. Mkuu wa kitengo alinung'unika kwamba sasa kila mtu atakuja na mfuko wa mbolea ofisini, na kweli walikuja wachache, mmoja na mfuko wenyewe. Nanyi mkikaa mtaa wa mgao, shikeni hili: siku ya zamu koki ifungwe hadi uone mwenzako wa chini amepata. Usiiache wazi ikusubirie maji.

Bili ilirekebishika kwa kalamu. Zuhura je?

Mama Deo alinipitia nyumbani, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, akaniambia twende naye Mazwi. Sokoni tulimkuta Zuhura nyuma ya meza ndogo sana, ana fungu la dagaa tu, migebuka hana. Alipomwona akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Deo akaweka mkono juu ya meza. "Ilikuwa ni upepo. Mama Mita atakueleza. Bili zimerekebishwa. Rudi nyumbani, chumba chako kipo, sikumpa mtu."

Zuhura akanitazama, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapanga dagaa wake upya, fungu ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Ahsante kwa kuja, mama," akasema. "Chumba nimepata. Mimi sikosi chumba. Ulinisemea wapi?"

Mama Deo akarekebisha kilemba chake.

"Ulinisemea bombani," Zuhura akasema. "Basi nisafishie bombani."

"Nitasema hapa hapa, sasa hivi. Niwaite hawa wote."

"Hapa nani alisikia, mama? Hapa walipata makombo tu. Waliosikia wako kwako."

Sauti hakuipandisha, na hakumvunjia heshima hata kidogo. Mama Deo aligeuka akatoka sokoni bila kuaga, anatembea haraka hata mimi nikawa namkimbilia. Kwenye kilima akasimama, akasema ana umri wa kuwazaa wale wanawake, wengine amewasimamia ubatizo, atasimamaje mbele yao aseme alimsingizia mgeni. Nilimwambia mimi sijui. Nilimwambia ninachojua ni kwamba dereva wa samaki hasomi bili zilizorekebishwa.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipita mtaa ule kila siku bila kazi. Mama Deo anapepeta, ananiitikia salamu, basi.

Siku ya zamu nikapanda. Zuhura alikuwa amefika, amesimama karibu na geti na ndoo yake na lile kopo. Nani alimwambia aje? Hakuambiwa na mtu. Alikuja kuona. Koki ilikuwa imefungwa, na debe limelazwa kifudifudi. Mama Deo akatoka ndani na mwiko wa ugali. Akamtazama Zuhura, akainama, akaanza kulipiga lile debe.

Mtaa ukaamka. Wanawake wakaja na ndoo, wanahema, mmoja ana unga mikononi. "Yamefika?" "Mbona bomba limefungwa?"

"Hayajafika," Mama Deo akasema. "Nimewaita mimi." Akaanza kusema kwa Kifipa. Akasema yote, mita, upepo, mfuko wa mbolea. Akasema huyu binti hakumwaga maji yangu na hakuuza maji yangu, mimi nilimsingizia, na ninyi mlicheka kwa sababu mimi nilisema. Mwiko bado kaushika.

Alipomaliza, Zuhura akasema, "Na kwa Kiswahili, mama. Wapangaji nao walikuwepo."

Wee! Niliona mabega ya Mama Deo yanapanda. Nikasema hapa ndipo tunapoharibikiwa. Lakini akavuta pumzi, akasema yote tena, kwa Kiswahili, neno kwa neno, na mara hii hakuwatazama wenzake. Alimtazama Zuhura. Mwisho akasema, "Nisamehe." Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Hakuna aliyeguna. Baadaye kidogo bomba la jirani wa chini likatoa maji, mtu akapaza sauti, Mama Deo akafungua koki. Maji yakatoka kwa nguvu. Akasogeza ndoo ya Zuhura chini yake, iwe ya kwanza kwenye foleni. Zuhura akaiondoa. Akakinga kopo. Likajaa, akarudi pembeni, akachuchumaa, na mbele ya foleni nzima akatawadha. Mikono, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwiko, kichwa, miguu. Taratibu, hakuruka kitu. Wanawake wamesimama na ndoo tupu wanatazama, maji yanamwagika na hakuna anayekinga.

Alipomaliza akainuka, akaja kwenye debe, akaligeuza wima, akamimina kilichobaki kwenye kopo. Debe likalia kidogo tu.

"Ndiyo haya, mama," akasema. Akaliacha kopo juu ya tofali la bomba, akachukua ndoo yake, akashuka.

Chumbani hakurudi tena. Ana chumba chake Mazwi, na migebuka ilirudi mezani kwake, maana wanawake wale wale waliocheka ndio waliokwenda kumtangaza sokoni, na Wafipa tukiamua kusema tunasema. Lakini siku za zamu, akipanda kuwafuata watoto, ambao bado wanasoma kule juu, hupitia pale kwa Mama Deo, huchota kwa kopo lake, hutawadha, huendelea na safari. Huwa hawaongei sana.

Juzi katika kuzunguka kwangu nilipita pale jua limewaka, nina kiu. Mama Deo yuko uani na ungo, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikainama bombani, nikanyoosha mkono nichukue lile kopo ninywee. Likagonga tofali. Ungo ukasimama.

"Weka hilo," akasema. "Lina mwenyewe."